Mikono ya Kumwosha Mama

Huku Makanyagio, mjini Mpanda, ninakouza chakula siku hizi, wateja wanapenda kunichokoza. Wakishashiba wanauliza, "Mama, hivi ni kweli ulivuka bahari kwa boti la tanga?" Nawajibu ni kweli, na kuogelea sijui mpaka leo. Wanacheka, wanasema mtu wa kijijini Usevya na bahari wapi na wapi. Nawaacha wacheke, maana anayecheka huagiza chai ya pili. Sijawahi kumsimulia yeyote kati yao kwamba wakati nakaanga samaki katikati ya maji yale, mama yangu alikuwa anakufa huku, na kwamba jambo moja tu aliloniomba nikiwa mtu mzima lilinipita.

Kwenye ukoo wetu mwanamke akifa huoshwa na wanawake, na uso wake huoshwa na binti yake mkubwa. Wengine wanashika mikono, miguu, mgongo, lakini uso ni wa binti mkubwa. Padri hajawahi kuliingilia jambo hilo, na sisi hatujawahi kumuuliza. Mama alimwosha bibi namna hiyo, mimi nikiwa mlangoni nimeshika ndoo. Miaka mingi baadaye, moyo wake ulipoanza kutanuka na miguu kuvimba, aliniambia tukiwa tunapepeta mpunga, bila hata kuuweka ungo chini, "Mimi ndiye niliyekuosha ulipotoka tumboni. Nikiondoka utaniosha wewe. Usiniachie watu." Nikamwambia aache uchuro. Akasema uchuro ni kunyamaza.

Nilianza upishi kwenye kambi ya watalii karibu na Sitalike, nikahamia Tanga kumfuata bosi wangu aliyefungua hoteli huko. Hapo hotelini alikuwa anakuja kula mzee mmoja Mzungu, amekaa Tanga miaka mingi hata Kiswahili chake kina lafudhi ya huko kuliko changu. Alikuwa na boti la tanga alilokuwa anasafiri nalo na mkewe. Magoti ya mkewe yakakataa, yule bibi akarudi Tanga kwa ndege, boti likabaki Maldivi. Mzee akawa anatafuta watu wawili wa kumsaidia kulirudisha nyumbani. Mmoja alikuwa baharia wa Kidigo, mtu wa makamo, aliyeanza kazi ya maji kabla ya kuota ndevu. Wa pili alitakiwa mtu anayejua kupika na asiyelala ovyo. Nikapendekezwa mimi.

Nilimpigia mama simu. Alikuwa ametoka hospitali, amepata nafuu, anapalilia mpunga akiwa amekaa kwenye kigoda. Akaniuliza kama huko kuna mamba. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi nenda. Mtu anayeoga mto Katuma na viboko wake ataogopa nini?" Hivyo ndivyo nilivyoagwa.

Maisha ya kwenye boti lile yalikuwa madogo kuliko watu wanavyofikiri. Ukiniambia bahari, wewe unaona ukubwa. Mimi naona jiko. Lilikuwa na mafiga mawili ya gesi, limening'inizwa ili boti likilala upande, lenyewe libaki wima. Mimi ndiye niliyekuwa silali wala sisimami. Nilijifunga mkanda mkubwa unaonishikilia kwenye meza, mkono mmoja kwa sufuria, mwingine kwa nguzo. Chapati niliziacha siku ya pili, baada ya unga kunimwagikia kifuani na baharia kuniuliza kama naenda harusini.

Kulikuwa na zamu. Mmoja anaangalia boti, wawili wanapumzika, na boti lenyewe lilikuwa na usukani unaofuata upepo, kwa hiyo kazi ya mwenye zamu ilikuwa kutazama meli na kutazama mawingu. Ya kwangu ilikuwa ya alfajiri hadi jua likae sawa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuokota samaki wenye mabawa waliorukia sitahani na kufa humo. Kisha napiga pampu maji yaliyoingia chini, nageuza mayai moja moja ili yasioze, napekua viazi na vitunguu kutoa vilivyolainika. Kitunguu kibovu kimoja kinatia uvundo nyumba nzima, na nyumba ile haikuwa na uani. Vyombo tuliosha kwa maji ya bahari, na sisi wenyewe tulioga hayo hayo kwa ndoo yenye kamba. Maji baridi ya tangini yalikuwa ya kunywa na kupikia, basi.

Mchele ndio ulionitia hasira kila siku. Mzee alinunua mchele mrefu mwembamba wenye harufu ya manukato. Mimi nimelelewa na mpunga wa kwetu Mpimbwe, unaopikwa jirani akajua. Nilimwambia mzee kwamba ule si mchele, ni sindano. Akala bila kuinua macho kwenye kitabu chake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nilikuwa sijaamua kama nampenda.

Baharia nilimpenda mapema, kwa sababu tulikuwa tunatukanana. Siku ya kwanza aliniuliza kabila. Nikamwambia Mpimbwe. Akasema hajawahi kusikia. Nikamweleza Katavi ilipo. Akasema ukishaipita Tabora wote ni Wanyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wake tangu enzi za babu zake, kwa hiyo kuanzia siku hiyo mimi ni mtumwa wake. Nikamwambia Mdigo hana uwezo wa kuwa na mtumwa, labda amfuge kwa nazi. Ikawa ndiyo salamu yetu. Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani vilikutana, yeye amefunga na mimi nimefunga, na mzee peke yake ndiye aliyekula mchana, akitazamwa na watu wawili wenye njaa. Baharia aliambiwa msafiri ameruhusiwa kula. Akasema anajua, lakini akila atakosa la kumsimanga Mnyamwezi.

Jioni, tukifuturu, alikuwa ananiuliza habari za nyumbani. Nikamsimulia mama: anavyogombana na kuku kama wanamsikia, anavyotembea mikono iko nyuma kama mwenyekiti wa kijiji, anavyoonja mboga ya kila nyumba na kusema haina chumvi, hata yenye chumvi. Baharia akawa anacheka hadi tende inampalia. Sikujua kwamba alikuwa anaweka akiba.

Mzee alikuwa na kifaa kidogo cha setilaiti cha kupokea hali ya hewa na meseji fupi. Alikiwasha kila asubuhi baada ya chai yake. Mdogo wangu wa kiume, anayetengeneza simu hapa Mpanda, nilimwachia namba hiyo. Meseji zake mwanzoni zilikuwa za kunifurahisha: mvua nzuri, mpunga umeshika, mama anasema umletee kanga ya huko. Halafu ikaja moja inasema, "Mama amelazwa tena Mpanda. Usiwaze." Mtu akikuambia usiwaze, amekupa kazi ya kufanya kutwa nzima.

Nilimwuliza mzee tutafika lini. Akasema mabaharia hawataji siku. Nikamwambia mimi si baharia, anitajie. Akafungua ramani, akaweka kidole mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote, ni rangi ya bluu tupu, akasema tupo hapa. Tanga ilikuwa upande mwingine wa karatasi. Akasema upepo ukiendelea hivi, si muda mrefu. Nikaanza kuupenda upepo kwa roho yangu yote. Kila ulipozidi na boti kulala, vyombo vikianguka, mimi nilifurahi, kwa sababu nilijua kila kikombe kinachovunjika ni hatua ya kwenda kwa mama.

Kisha ukakatika.

Sijui nieleze vipi bahari isiyo na upepo kwa mtu ambaye hajaiona. Hapa kwetu jua likiwaka unaingia ndani, unakaa kivulini, unaenda kwa jirani. Kule hakuna pa kwenda. Maji yalilala kama mafuta ya kula kwenye karai kabla hujawasha moto. Lile tanga likawa linapiga kofi huku na huku, pa, pa, kwa vile boti lilikuwa linayumba tu bila kwenda, hadi mzee akaamua tulishushe lisichanike. Takataka ya maganda ya viazi niliyoitupa asubuhi niliiona jioni pale pale ubavuni mwetu. Hicho ndicho kilichonivunja moyo, yale maganda.

Nilimwambia mzee awashe injini. Akasema dizeli iliyopo ni kidogo, ni ya kuchajia betri na kuingilia bandarini. Akiiwasha tutasogea siku mbili, halafu tutakaa katikati bila taa, bila kifaa cha meseji, bila njia ya kuingia bandari. Nilielewa. Kuelewa hakukunisaidia. Nikashuka chini na mchana ule sikumpikia. Alikuja mwenyewe, akachukua biskuti, akarudi juu. Baharia akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtumwa, hata ungempikia pilau, upepo si wake." Nikamjibu kwamba nalijua hilo na ndiyo maana nimekasirika, kwa sababu hakuna wa kumkasirikia.

Siku zile nilianza kumwosha mama kichwani mwangu. Nilipokaa zamu yangu alfajiri, maji yametulia hadi nyota zinaonekana ndani yake, nilipanga: nitashuka Tanga, nitapanda basi la kwanza, nitafika, na kama itakuwa hivyo, basi angalau nitaushika uso wake. Sikuwa naomba apone, naona haya kusema, lakini ndivyo. Moyo uliotanuka naujua. Nilikuwa naomba tu anisubiri. Nilimwambia Mungu nimeshapunguza ombi, limebaki dogo.

Meseji ilikuja wakati mzee ana kikombe cha chai mkononi. Aliisoma yeye kwanza, kwa sababu kifaa kilikuwa chake na Kiswahili anakijua. Aliweka kikombe chini kwenye sitaha, jambo ambalo alitukataza sisi kila siku, akanipa kifaa na kushuka chini ili nibaki peke yangu. Mdogo wangu aliandika, "Dada mama ametutoka alfajiri. Tukusubiri au tuzike?"

Watu huniambia eti wakati kama huo mtu haoni. Mimi niliona kila kitu. Niliona kutu kwenye skrubu ya mlingoti, niliona kwamba kikombe kile kina ufa. Nilijua wakisema watanisubiri watamaanisha, watakaa naye kwenye friji la mochwari wiki, wiki mbili, ndugu wamejaa Makanyagio kwenye vyumba viwili vya huyo mdogo wangu, mashamba yamebaki na ndege. Na nilijua jambo jingine ambalo mdogo wangu, kwa uanaume wake, huenda hakulikumbuka: mama alikuwa hapendi baridi. Alikuwa anavaa sweta Usevya mwezi wa kumi, jua linapasua mawe. Nikaandika, "Zikeni. Mama hapendi baridi." Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kutuma muda mrefu. Kisha nikatuma, na kile kifaa kikalia kidogo kuonyesha imekwenda.

Akajibu kwamba watamsafirisha kwenda Usevya, maziko kesho saa nane mchana.

Kesho yake saa nane hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha uzi. Nilijifunga kanga, nikakaa nyuma kabisa ya boti, nimetazama upande mzee alioniambia ni magharibi. Sikuwa nalia. Kilio kilikuwa kimekaa hapa kifuani kama tonge kavu. Nyumbani ungelia, wa pembeni yako angelia, mngeshikana. Pale nikilia nitamlilia nani, mzee na kitabu chake? Niliwaza kwamba sasa hivi wamemtoa ndani. Sasa hivi wameshamwosha. Nani ameshika uso? Nilikuwa nauliza hilo tu, nani ameshika uso.

Ndipo baharia akatokea chini. Alikuwa amejifunga kanga yangu ya pili kiunoni, kichwani amezungusha taulo, mikono ameiweka nyuma, na anatembea taratibu kama anakagua mashamba. Mkononi nyuma ameshika mwiko wangu. Akapita mbele yangu bila kuniangalia, akasimama mbele ya ule mlingoti, akasema kwa sauti nyembamba, "Nani amefungulia kuku? Nyie kuku, nawaona. Mnajifanya hamsikii. Mwaka huu hamuoni Krismasi." Akaenda kwenye sufuria ya maji ya bahari, akachovya mwiko, akaonja, akakunja uso. "Haina chumvi."

Mzee aliruka kutoka alipokaa. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo. Alimwambia baharia aache mara moja, kwamba hana adabu, mtu anazikwa, ana akili kweli? Baharia alisimama tu na mwiko wake, ananiangalia mimi.

Nikamwambia mzee, "Mwache. Ni mtani wangu. Hiyo ndiyo kazi yake."

Miaka yote ile ya Tanga, na mzee hakulijua hilo. Labda hakuwahi kuitwa kwenye msiba wenye watani. Kwetu mtani asipokuja kuvuruga maziko, marehemu amezikwa kama mkimbizi. Anakuja, anavaa nguo za marehemu, anamwiga, anatukana, analala kaburini akidai hatoki mpaka apewe kitu, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Huyu hakuwa na maiti wala kaburi. Hakuwahi kumwona mama hata kwenye picha. Alikuwa na yale niliyomsimulia wakati wa futari, basi, akayachukua yote akayavaa.

"Unatembea kama bata," nikamwambia. "Mama hatembei hivyo. Anavuta mguu wa kushoto."

Akavuta mguu wa kushoto.

"Siyo sana."

Akapunguza. Na hapo, Mungu ni shahidi, alipita mama yangu kwenye sitaha ya boti lile, katika kiuno cha Mdigo mwenye ndevu. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, na kile kicheko kikafungua njia na tonge likatoka. Nililia hadi nikalala chini kwenye mbao. Yeye hakunibembeleza. Alilala akiziba njia nzima ya kushukia chini, akafumba macho, akasema maiti haipiti hapa mpaka alipwe haki yake. Nikamwuliza anataka nini. Akasema kitunguu. Tulikuwa tumebakiwa na viwili. Nikaenda nikachukua kimoja, kilicho kizima, nikamwekea kifuani. Akakishika kwa mikono miwili, akainuka, akavua kanga yangu, akaikunja vizuri. Kisha akasema, "Sala ya kwenu siijui. Isome wewe, mimi nitaitikia." Nikasoma. Akaitikia amina kila nilipovuta pumzi, hata mahali pasipotakiwa. Mzee alikuwa amevua kofia, amesimama nyuma yetu. Jioni alikuja jikoni, akaniambia hakujua. Nikamwambia angejuaje. Akaosha vyombo vyote yeye, na hapo ndipo nilipoamua kwamba nampenda.

Upepo ulirudi siku iliyofuata. Nilitamani kuutukana. Ulivuma mzuri, wa nyuma yetu, tanga limejaa, boti linakata maji kama lililokuwa limelala tu kwa makusudi. Mzee na baharia walijaribu kuficha furaha yao mbele yangu. Mimi nilipika, niligeuza mayai, nilipiga pampu. Kazi za boti hazikuulizi kama umefiwa, na nazishukuru kwa hilo. Siku nilipoona milima ya Usambara kwa mbali, ukungu umeikalia kichwani, wenzangu walishangilia. Mimi nilikuwa nawaza kwamba nimefika nyumbani ambako sina haraka tena.

Baharia alinibebea begi hadi stendi, akaninunulia maji na embe la njiani. Akaniambia, "Nenda, mtumwa. Ukichelewa kurudi nakuja kukufuata huko kwenye nyani wenu." Nikamwambia hao nyani wana adabu kuliko Wadigo. Basi likaondoka.

Mjini Mpanda mdogo wangu alinipokea, amekonda. Kesho yake tukapanda gari kwenda Usevya, tukapita mbugani na ndorobo, wale mbung'o wa porini, wanatuuma, mvua imechimba barabara, dereva anawasimulia abiria habari za mpira. Pale ndipo nilipoanza kuelewa. Dunia ilikuwa imeshamaliza.

Nilipofika uani, majirani walikuja. Walilia kidogo, kilio cha kunipokea, cha kweli lakini kifupi, kama mtu anayekumalizia chakula naye ameshashiba. Kisha wakajifuta, wakaniuliza habari za safari, na mmoja mmoja wakaaga, maana mpunga ulikuwa umeanza kutoa mbegu na ndege hawasubiri. Siwalaumu. Walikuwa wamelia siku zao zote kwa zamu, wamelala chini, wamepika, wamenyoa. Mimi nilikuja na msiba mbichi kwenye nyumba iliyokwisha fagiliwa. Nilienda kaburini. Udongo ulikuwa umedidimia kwa mvua, msalaba wa mbao umeinama, nikaunyoosha. Nilitaka kulia na sikuweza. Nilikuwa nimesimama pale kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mama mdogo, mdogo wake mama wa kuzaliwa, ndiye aliyekuwa anakaa na nyumba. Ni mwanamke mfupi, mkali, hapendi watu wanaokaa bila kazi. Aliniacha nikae hadi jua lianze kushuka. Kisha akatoka na ndoo ya maji ya moto, akaniambia, "Twende bafuni."

Nikamwambia nitaoga mwenyewe, namshukuru. Akasema hajaniuliza.

Bafu letu ni la mabati, juu wazi, chini mawe. Akanikalisha kwenye kigoda kama mtoto, mimi mwenye miaka arobaini na ushee. Akachovya dodoki, akaanza na mikono. "Tulianza hapa," akasema. "Mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimejikunja, nikavinyoosha kimoja kimoja." Akaninyoosha na vyangu. Akaenda mgongoni. "Hapa walimgeuza wanawake wawili. Alikuwa mwepesi, huwezi kuamini, yule mtu mzito." Akashuka miguuni. Akasema miguu ilikuwa imevimba ngozi inang'aa, wakaenda polepole wasimuumize, ijapokuwa wote wanajua maiti haiumii. Alinieleza kila mahali, hakuruka. Sauti yake haikubadilika. Mimi nilikuwa nahesabu kilichobaki, nasubiri, naogopa.

Mwisho nikauliza. "Uso aliosha nani?"

Akalichovya dodoki tena. "Hakuna aliyetaka," akasema. "Watu waliogopa kushika nafasi ya mtu aliye hai. Tukakaa pale tunatazamana, maji yanapoa. Nikaona hapana, dada atazikwa na uso mkavu. Nikashika mimi. Nikamwambia, dada, mikono hii leo siyo yangu, ni ya mwanao, nimemwazima tu. Usinune." Akanishika kidevu, akanipangusa paji la uso, macho, pembeni ya pua, nyuma ya masikio, taratibu mno, kama anayefuata mstari alioukariri. "Hakununa," akasema.

Nililia pale. Hakuniambia ninyamaze. Aliendelea kunimwagia maji ili machozi na maji yasijulikane kipi ni kipi, kisha akanifuta na kunifunga kanga.

Nilidhani tumemaliza. Nikainuka. Yeye akavua kanga yake, akaitundika kwenye bati, akakaa kwenye kigoda nilichotoka. Sikuwahi kumwona hivyo. Mabega yalikuwa ya mama, makovu ya kukata mtama mkononi yalikuwa ya mama, na miguu, nikaona, nayo ilikuwa imeanza kuvimba. Akanipa dodoki.

"Haya," akasema. "Nioshe mimi leo nikiwa nayasikia maji. Siku yenyewe sijui utakuwa bahari gani."

Maji yalikuwa yamebaki nusu ndoo na bado yana moto. Nikachota, nikaanza na uso.